Uwanja Uliokuwa Unapungua Nyuma ya Nyumba Yetu

Uwanja wetu ulikuwa unapungua.

Najua mmeshaanza kucheka. Nilipowaambia wenzangu kazini, waliniuliza nimevuta nini.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya nyumba ya wazazi wangu kuna uwanja nilioujenga kwa mikono yangu, na kila nikigeuza mgongo nilikuwa naukuta mdogo kuliko nilivyouacha. Hakuna aliyeuvunja, hakuna aliyeuchimba. Ni mistari tu ilikuwa inasogea ndani, kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza kiuno cha suruali.

Tulieni niwape kisa kizima. Ukidakia katikati hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye ndevu zake anaandika haya akiwa amekaa juu ya pipa la maji, macho mekundu.

Mimi ni fundi vigae. Nyumbani wananiita Spidi. Jina hilo alinipa Baba utotoni, kwa sababu nilikuwa mzito wa kila kitu. Mzito wa kutembea, mzito wa kula, mzito wa kuelewa.

Hasa huo wa kuelewa. Mtauona wenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori. Mtu wa kushinda chini ya gari, akitoka huko unaona meno tu. Kisha ikaja siku akashindwa kushika spana. Mkono ukalegea, mguu ukafuata, mdomo ukaenda upande.

Kiharusi.

Hakikumuua, kilimkalisha. Tulimrudisha nyumbani akawekwa kwenye kiti cha plastiki barazani, akauelekea ukuta. Basi. Asubuhi ukuta, jioni ukuta.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alituambia bila kuzunguka, "Mguu huu unarudi akiutumia. Asipoutumia, mtakuja kumbeba. Apige magoti, ainuke. Apige tena, ainuke tena."

Baba akamkata jicho. "Nipige magoti? Mimi? Kwa nani?"

"Si kwa mtu, mzee. Ni zoezi."

"Sijampigia mtu magoti tangu nizaliwe. Nianze leo kwa ajili ya zoezi?"

Ikaishia hapo. Tulimbembeleza, tukamtania, tukamnunia. Dada yangu mkubwa, msusi anayeishi mbali, alimpigia simu akalia. Baba akamrudishia Mama simu akasema betri imeisha.

Mama ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo ofisi yake: cherehani karibu na dirisha, vitambaa kwenye viti, pini mpaka kwenye zulia. Siku moja nilimkuta amesimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Spidi," akaniambia, "baba yako ananiondokea huku namuona."

Niliokota pini iliyokuwa chini nikampa, kana kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Sasa mchezo wenyewe niliupata kwenye simu. Tulikuwa mapumziko kazini, nimekaa juu ya maboksi ya vigae, nikaona video ya wazee wenye mvi wanapiga mpira huku wanacheka hadi wanashikana mabega. Wengine vitambi, wengine magoti yamefungwa bandeji.

Mchezo unaitwa pikoboli. Ni kama tenisi iliyotulizwa. Uwanja mdogo, wavu mfupi, unapiga kwa kibao, na mpira ni wa plastiki wenye matundu. Hauendi kasi. Hata mtu mzito kama mimi anaufikia.

Jioni nikampelekea Baba simu pale kwenye ukuta wake. Akatazama mpaka mwisho.

"Hawa wazee wanacheza vibaya," akasema.

Jamani! Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza yenye uhai tangu atoke hospitali. Mama alitokeza kichwa dirishani kuona nani kaongea.

Nikajua nimepata pa kuanzia.

Shida ikabaki uwanja. Ule wa kwenye video umemwagwa zege, ukapakwa rangi ya bluu, ukawekewa taa. Mimi na rangi ya bluu wapi na wapi? Nilikuwa na ua wa nyuma wenye majani na kamba ya kuanikia nguo.

Nikang'oa majani. Nikachanganya udongo na simenti kidogo iliyobaki kwenye kazi za watu, nikamwagia maji, nikashindilia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ukikauka unakuwa mgumu, na mpira unadunda vizuri tu. Mita kumi na tatu na nusu hivi kwa sita, ua wote ukaisha. Kamba ya nguo tukaihamishia mbele ya nyumba na majirani wakaanza kutujua kwa soksi zetu.

Nguzo za wavu nilizipata kwa jirani yetu, mchomeleaji wa vyuma, mtu mnene mwenye sauti ya ugomvi hata akikusalimia. Tunamwita Cheche. Alinipa vipande viwili vya bomba, nikavisimamisha kwenye makopo ya rangi niliyoyajaza zege.

Wavu alishona Mama kwa magunia ya vitunguu, yale ya nyavu. Ukipita karibu, unanukia vitunguu.

Vibao nilikata kwenye plaiwudi, nikavipiga msasa, nikavivalisha raba za mishikio ya baiskeli. Kitu pekee nilichonunua kipya ni mipira, maana niliyojaribu kutoboa mwenyewe kwa msumari wa moto ilikuwa inakwenda inakotaka.

Na mistari? Rangi ingehitaji zege. Kwa hiyo Mama alikata kitambaa cheupe kigumu, kile kinachowekwa ndani ya kola, akakishona kuwa utepe mrefu. Mimi nikaupigilia ardhini kwa misumari mirefu. Ili kichwa cha msumari kisichane kitambaa, kila msumari ulipita kwenye kizibo cha soda.

Hapo ndipo kisa changu kilipo. Mstari wa rangi hauhami. Mstari wa kitambaa na vizibo vya soda unaweza kuhama.

Siku ya kwanza tuliwapanga Baba na Mama uso kwa uso. Nikawaeleza sheria. Kuna sehemu karibu na wavu inaitwa jikoni, hapo huruhusiwi kusimama ukaupiga mpira kabla haujadunda.

Mama akashika kiuno. "Nimeishi jikoni maisha yangu yote, leo mnaniambia nisikanyage?"

Baba alicheka. Upande mmoja tu wa mdomo, lakini alicheka. Nilijifanya nakaza wavu ili nisionekane uso.

Wakaanza kucheza kila jioni. Baba aliburuta mguu, akapiga kwa mkono mzima, akatukana mpira. Kiti cha plastiki kikabaki barazani peke yake. Kila nikitoka kazini napitia kwao kabla ya kwenda kwangu, nasikia tok, tok, tok tangu njiani, na moyo unatulia.

Hapo kati ndipo nilipoona kitu.

Mstari wa nyuma, upande wa Mama, nilikuwa nimeupitisha sawasawa na pipa la maji. Siku hiyo kati ya mstari na pipa kulikuwa na nafasi.

Nikapima. Uwanja umepungua sentimita kumi kamili.

Nikacheka peke yangu. Tepu yangu ncha yake ilikatika zamani, kwa hiyo mimi huanzia kupima kwenye kumi, halafu mwisho natoa hiyo kumi. Fundi yeyote anajua. Ukisahau kuitoa, umeumia. Nikajua siku ya kujenga nilisahau, nikajitukana kimoyomoyo, nikauacha.

Wiki iliyofuata nafasi imeongezeka. Sasa mguu wangu mzima unaingia pale, na mimi navaa kiatu kikubwa.

Nikang'oa misumari, nikaurudisha mstari kwenye pipa.

"Unafanya nini?" Baba akaniuliza.

"Narekebisha. Uwanja umepungua."

"Uko sawa. Uache."

Nikamgeukia Mama anisaidie. Naye, bila kupepesa macho, "Uache, Spidi. Uko sawa."

Wote wawili! Kesho yake nikapita, mstari umerudi ndani, na ule wa pembeni umeufuata.

Nikainama nikaangalia ardhi. Matundu ya misumari ya zamani yamezibwa kwa udongo na kulainishwa kwa kidole gumba. Huyo si kuku, huyo ni mtu, tena mwenye subira.

Nikamfikiria Cheche.

Mnajua mtu akishaingia kichwani mwako, kila kitu kinamshtaki. Alikuwa amelalamika kuhusu kelele za mpira. Nyundo anayo. Ukuta kati yetu ni mfupi. Nikasema leo ataniambia.

Nikamkuta anachomelea geti. "Jirani, kama mpira unakuudhi niambie usoni. Usije kwetu kuhamisha mistari tukiwa hatuoni."

Akavua miwani yake ya kuchomelea polepole. Nikajuta kidogo, maana mikono yake ni minene.

"Nani kahamisha nini?"

"Mistari. Ya uwanja."

Akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alinionea huruma.

"Nikiwa juu ya paa langu naona ua wenu wote," akasema. "Anayehamisha namjua. Njoo siku moja mchana, mama yako akiwa kwa wateja. Usiniulize zaidi, mimi si mtu wa umbea."

Cheche si mtu wa umbea! Yeye ambaye habari za mtaa mzima tunazipata kwake! Nikajua jambo ni zito.

Siku mbili tatu baadaye kazini vililetwa vigae vya rangi nyingine kabisa, tukarudishwa nyumbani mapema. Jua la mchana, kali. Nikapitia kwa wazazi. Cherehani imefunikwa, Mama hayupo. Kutoka nyuma nikasikia nyundo.

Baba alikuwa chini.

Amepiga magoti. Mguu mbovu ameukunja chini yake, misumari ameishika kwa midomo, jasho linamdondoka kwenye kitambaa. Anapigilia, anasogea kwa magoti, anapigilia. Halafu akashika pipa la maji, akajivuta, akasimama. Akapumua. Akashuka tena.

Mtu aliyesema hapigi magoti kwa yeyote.

Nilisimama pale mlangoni sijui nifurahi au nilie.

"Baba."

Alishtuka, akatema misumari mkononi. "Umerudi saa hizi kufanya nini?"

"Unafanya nini wewe?"

"Napunguza."

"Kwa nini hukuniambia? Kama mguu unakusumbua, kama hufiki kwenye mipira, tungeupunguza wote pamoja. Si aibu, Baba."

Akanitazama kwa ile sura iliyonipa jina la Spidi.

"Mguu wangu mzima," akasema. "Asiyefika ni mama yako."

Nikageuka nikautazama upande wa Mama.

"Ile kona ya kushoto haifiki tena. Ukimpelekea mpira kule, anainama kufunga kiatu. Kiatu gani hicho kinafunguka kila mpira wa kona? Nikasogeza mstari, akaufikia siku kadhaa. Kisha akashindwa tena. Nikasogeza tena. Na wa kwangu nasogeza, ili asione tofauti."

"Amechoka tu, Baba. Anashona mchana kutwa."

"Analala ameegemea mito mitatu, Spidi. Akilala chali, pumzi inamkataa."

Nikakumbuka miguu yake ilivyokuwa imevimba juu ya viatu. Nilikuwa nimeiona. Nilimwambia anunue viatu vikubwa zaidi.

"Twendeni hospitali," nikasema. "Leo hii."

Baba akaangalia nyundo. "Tumeshakwenda. Wiki iliyopita, mimi na yeye. Ni moyo. Aliniapisha nisiwaambie wewe na dada yako. Sasa sijakuambia, umenikuta napigilia misumari."

Sikumsikiliza Mama alipokataa. Nilimpeleka kwenye hospitali kubwa zaidi, nikamtafuta daktari anayesifiwa, tukakaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mama alikuwa amebeba suruali ya mteja, anapinda mapindo hapo hapo kwenye foleni.

Daktari alinielewesha kwa upole. Moyo umechoka, umepanuka, hausukumi. Kwa hali yake hawawezi kumpasua. Dawa zitampunguzia maji mwilini, zitampa nafuu ya pumzi.

"Tufanye nini kingine?" nikamuuliza.

"Mnachofanya sasa."

"Nikiuza kitu? Nikimpeleka kwingine?"

"Hakuna cha kuuza, ndugu yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Ningeambiwa nibebe mawe mpaka jua lizame, ningebeba. Mikono hii imejenga nusu ya vyoo vya mji, lakini pale ndani ilikuwa imekaa kwenye mapaja yangu haina kazi yoyote.

Njiani Mama akaniambia, "Sasa usinune. Baba yako akikuona umenuna, atarudi kwenye ukuta wake."

Basi nikawa mwizi mwenza. Mchana Mama akitoka, na baadaye Mama akilala, mimi na Baba tunahamisha mistari. Yeye hakutaka nipige magoti kwa niaba yake. Mimi nashika utepe, yeye anapigilia. Nilitamani siku moja Mama afike kwenye kila mpira, aupige kwa nguvu, tuone tulikosea. Haikuwa hivyo.

Dada alikuja akakaa wiki moja, akamsuka Mama nywele, akarudi amevimba macho.

Uwanja ukafika kwenye nusu. Ukafika kwenye ile jikoni yao. Mwishowe tukaweka viti viwili, kimoja huku na kingine kule, wavu katikati. Tok. Tok. Mpira ukidondoka naukimbilia mimi.

Kuna jioni moja Baba aliingia ndani kunywa dawa zake, Mama akabaki kwenye kiti, kibao mapajani.

"Spidi," akaniita. "Mwambie baba yako upande wa kulia kaukata zaidi. Umepinda vidole viwili."

Nikajifanya sijaelewa. "Upande gani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Nimeanza kukata nguo kabla sijakuzaa. Mtu anipunguzie uwanja mimi nisione?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mstari wa kwanza."

Nikachuchumaa karibu na kiti chake. "Mbona ulinyamaza?"

Alivuta pumzi kwanza. Siku hizo kila sentensi ilikuwa na bei yake.

"Ile siku ya kwanza kiatu changu kilifunguka kweli. Nikainama, mpira ukanipita. Kesho yake naona mstari umesogea, na suruali ya baba yako ina vumbi magotini. Magotini, Spidi! Yule aliyemkatalia mtu wa hospitali. Nikasema, kumbe anaweza."

Akatabasamu.

"Basi nikaanza kuikosa mipira makusudi. Nikitaka apige magoti kesho, leo nakosa kona."

Nikacheka, na machozi hapo hapo. Nikakumbuka suruali za Baba. Zote zilikuwa zimetiwa sponji kwa ndani, kwenye magoti, mshono mdogo usioonekana. Niliwahi kumtania kwamba amevimba magoti kama ngamia. Yeye mwenyewe alidhani ndiyo mtindo mpya wa Mama.

"Kwa hiyo ulikuwa unajifanya," nikasema. Nilisema haraka, kwa tamaa. Kwa sekunde moja nilidhani amenipa kila kitu, kwamba ugonjwa wote ni mchezo wake na Baba. "Mama, ulikuwa unajifanya tu?"

Akaniwekea mkono kichwani.

"Mwanzoni," akasema. "Sasa sijifanyi."

Nilikaa pale ardhini, kwenye udongo nilioushindilia mwenyewe, nikashika kiatu chake.

"Nikiondoka," akaendelea, "mwambie aurudishe uwanja kama ulivyokuwa. Mpaka kwenye pipa. Lakini asiumalize kwa siku moja. Mwambie nimesema kidole kwa kidole, vinginevyo kitambaa kitachanika."

"Kitambaa hakiwezi kuchanika, Mama."

"Wewe mwambie hivyo."

Baba akatoka ndani, akauliza tunalia nini. Mama akamwambia ni vitunguu vya wavu.

Aliondoka asubuhi, ameegemea mito yake, huku Baba amemshika mkono. Sina zaidi ya kuandika hapo. Nimejaribu mara kadhaa na ninafuta.

Baada ya watu kutawanyika Baba alirudi kwenye kiti cha plastiki. Akaugeukia ukuta. Nikaona tumemaliza, tumepoteza wote wawili.

Nikamfikishia maneno ya Mama. Kidole kwa kidole, mpaka kwenye pipa, kitambaa kisichanike.

Akaendelea kuutazama ukuta. Nikaenda zangu kazini, kichwa hakipo. Jioni napita, nasikia nyundo.

Tangu hapo kila siku anapiga magoti, anang'oa misumari, anausogeza mstari nje upana wa kidole, anapigilia, anajivuta kwa pipa, anasimama. Matundu ya zamani anayazibua kwa msumari, anayapitia mojamoja. Mguu wake sasa hauburuti. Cheche huja kucheza naye, anagombana na kila mpira, na hajawahi kunikumbusha nilivyomshtaki.

Lakini mimi nilikuwa naangalia pipa.

Mstari ulikuwa unalikaribia. Kila jioni naona nafasi inapungua. Siku ukifika, atafanya nini? Kazi aliyoachiwa itakuwa imeisha. Kiti cha plastiki bado kiko barazani, nilishindwa kukitupa.

Leo mchana ilikuwa imebaki upana wa kiganja.

Nikasubiri aende kunyoa. Nikaingia uani na nyundo. Nikapiga magoti, nikang'oa misumari yote ya mstari wa nyuma, nikaurudisha ndani. Si sana, kiasi cha kumpa kazi ya wiki kadhaa. Nikaziba matundu, nikalainisha kwa kidole gumba. Nikakaa juu ya pipa nikijifanya nasoma simu.

Baba akarudi amenyolewa, ananukia poda. Akasimama kwenye mstari. Akautazama.

"Mstari umesogea," akasema.

"Labda Cheche," nikasema.

Hakucheka. Akashusha macho kutoka usoni mwangu taratibu, mpaka kwenye magoti yangu.

Yalikuwa yamejaa vumbi.

Akageuka akaingia ndani. Nikajua nimeharibu, nimemdhalilisha, sasa anakwenda kukaa kwenye ukuta. Nikaanza kutafuta maneno ya kumuomba radhi.

Akatoka na suruali mkononi. Suruali yake ya kazi, ile ya kijivu. Akanitupia mapajani.

"Vaa hii ukiwa unahamisha," akasema. "Utaumia magoti."

Kisha akachukua nyundo yake, akashuka chini, akaanza kung'oa msumari wa kwanza.

Nimegeuza suruali ndani nje. Sponji ya Mama iko pale pale, na mshono haujaachia hata mmoja. Ndiyo niliyoishika sasa hivi ninapoandika.

Mkitaka funzo, mimi ninalo dogo tu. Nilikuwa na wazazi wawili uwanjani, na nilimwangalia mmoja. Yule mliyemzoea kuwa mzima nyumbani kwenu, yule anayewauguza wengine, muangalieni na yeye. Akiinama kufunga kiatu, msimcheke kwanza. Muangalieni anavyoinuka.